Biriani ya Shukrani na Karatasi ya Pili

Majibu ya maabara ya mama mmoja wa Lamu, aliyetolewa ziwa kwa saratani, yalifika kwa simu kabla ya kufika kwa mkono. Kijana wake aliyeko Mombasa aliyachukua dirishani, akayapiga picha, akayatuma Lamu kwenye simu ya mpwa wake, binti wa kidato cha tatu, kwa kuwa ndiye msomi wa Kiingereza katika nyumba ile. Binti akasoma kwa sauti, bibi yake, mwenye majibu, akimenya vitunguu. Akafika kwenye neno moja refu, akasita, akalitafuta mtandaoni, akarudi nalo kwa Kiswahili: imeenea. Haikuadhiniwa Magharibi kabla mtaa mzima wa Langoni haujapata habari. Mimi niliingia baada ya Isha, nikamkuta bado amekaa palepale, vitunguu vimeshaanza kukauka kwenye sinia.

Mimi ni muuguzi, na mama huyu nilikuwa nikimfuatilia tangu siku ya kwanza. Jina lake silitaji, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyageuza. Hospitali na maabara sizitaji pia. Kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu mwenyewe, nitalifikia.

Ana miaka 58, mjane, anauza mahamri na mbaazi kila asubuhi. Mwaka uliopita alihisi kitu kwenye ziwa la kushoto. Hakikuwa kijidonge kama wanavyoambiwa watu wakitafute. Alisema: "Ni kama unga uliogoma kukandika, mwanangu, sehemu moja tu." Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa sentimita 2.1, kwapani hakuna kitu. Akachukuliwa kinyama kwa sindano. Jibu: saratani vamizi ya aina ya lobula, gredi 2, yaani ya kati, kipokezi cha homoni ya estrojeni (ER) asilimia 90, cha projesteroni (PR) nacho kipo, na HER2, protini inayoikuza saratani, hasi. Daktari wa upasuaji akashauri ziwa litolewe lote pamoja na tezi za kwapa. Kubakisha sehemu ya ziwa kungelazimu mionzi siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo, Mombasa, na huyu ni mtu ambaye safari yake inaanza na boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kabla hajaliona basi. Kile kipimo cha kutafuta tezi ya kwanza kwa rangi, ili zisitolewe zote, hakikuwepo pale.

Usiku wa kuamkia safari nikamwambia maneno ambayo nimeyajutia: "Ni kadogo tu, mama. Wakishalitoa, yamekwisha."

Akapasuliwa Ijumaa. Kidonda kikakauka vizuri, mrija ukatolewa, mkono ukaanza kunyanyuka. Siku ya kumi na tano nyumba ikafanya dua ya shukrani. Ilipikwa biriani ya mbuzi masufuria mawili, majirani wakaja, maalimu akasoma, watu wakala wakamwombea afya. Siku ya ishirini na nne ikaja karatasi.

Karatasi ya pili ilisema hivi: uvimbe sentimita 5.4. Tezi 14 zimepatikana kwapani, 5 kati yake zina saratani. Kingo za nyama iliyokatwa safi, hazina saratani, ukingo wa karibu uko milimita 6. Gredi 2, aina ileile ya lobula. Na chini kabisa: ER hasi, PR hasi, HER2 hasi. Binti alikuwa ameshaigundua na hiyo mtandaoni, kwamba wenye hasi tatu wana hali mbaya kuliko wengine. Hilo hakulisoma kwa sauti. Alikuja kuniambia mimi peke yangu, siku ya pili, akiwa ameshika lango na hataki kuingia ndani.

Kwa mtazamo wa nyumba ile, basi, mama aliingia hospitali na ugonjwa mdogo akatoka na mkubwa.

Kakake mkubwa ni fundi wa majahazi, mtu wa Matondoni. Alikuja kesho yake asubuhi akasema kile ambacho wengine walikuwa wakikinong'ona: "Niliwaambia. Saratani haiguswi kisu. Ilikuwa imelala, wameiamsha." Sisi wa hospitali hupenda kuicheka imani hii, au kuiita ujinga na kupita. Lakini hebu itazame kwa macho yake. Kabla ya kisu: ndogo, kwapani shwari. Baada ya kisu: imezidi maradufu na imefika kwapani. Ungekuwa wewe huna habari nyingine, ungefikia uamuzi gani? Nadhani imani ya kwamba kisu hutawanya saratani hulishwa na mfuatano huuhuu wa karatasi mbili, nasi ndio tunaoukabidhi bila neno la kuuelezea.

Nilimuuliza, "Mjomba, hizi tezi kumi na nne zilitoka lini?"

"Siku ya kisu."

"Pamoja na ziwa?"

"Kwa ndoo moja."

"Sasa kisu kilipata wapi nafasi ya kuzipanda, na saa ileile kinazing'oa?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba ubao nao huonekana mzima mpaka uupasue, ndipo uone ulivyobunguliwa. Sikuongeza kitu. Maelezo yangu yangekuwa marefu zaidi na mabovu zaidi.

Kwa wanaotaka maelezo marefu, haya hapa. Saratani ya lobula ni kama asilimia 10 hadi 15 ya saratani za ziwa. Chembe zake hukosa protini inayozigandisha pamoja, iitwayo E-kadherini, kwa hiyo hazijengi donge. Hutambaa mstari mmoja mmoja katikati ya nyama nzima, kama siafu. Mamogramu na ultrasaundi hutafuta donge na kivuli chake, kwa hiyo aina hii huipima pungufu mara nyingi. Na ultrasaundi ya kwapa inaweza kupita juu ya tezi yenye chembe chache isione lolote. Sindano nayo huchota nyuzi kadhaa, kila moja haizidi uzi wa tambi. Mama mwenyewe alinisaidia hapa, nilipokuwa nikihangaika na mifano yangu: "Yaani walichota wali wa juu." Biriani yetu nyama na masala yako chini, kijiko cha juu hakikudanganyi, wali ni wali, lakini hakikwambii sufuria ina nini.

Sasa kosa langu. Neno lobula lilikuwemo kwenye karatasi ya kwanza. Nililiona. Lilitosha kunifanya nimwambie kabla ya safari kwamba ukubwa kamili hatujaujua, na kwamba kwapa litajulikana baada ya kutolewa. Matokeo haya yaliitwa ya ghafla katika nyumba ile, lakini mtu aliyeisoma karatasi ya kwanza kwa makini hakupaswa kushtuka sana. Mimi nilisoma sentimita 2.1 na ile asilimia 90, nikafurahi, nikatoa ahadi isiyokuwa yangu.

Siku hizi, kwa mgonjwa yeyote anayekwenda kupasuliwa, husema: "Kipimo cha sindano kimetwambia ni saratani, na ni ya namna gani. Ukubwa wake na kama imefika kwapani tutaambiwa na karatasi ya pili, baada ya wiki mbili au tatu. Karatasi hiyo inaweza kubadilisha mpango. Shukrani tuifanye, ila tujue karatasi bado iko njiani." Nusu dakika. Wengine huogopa, ndiyo. Hofu ya namna hiyo naiona nafuu kuliko ile niliyoikuta baada ya Isha.

Nilichokuwa nikikingoja mimi ni swali la kufa. Wauguzi tunafundishwa kulingoja. Halikuja. Siku sita alifunga mlango, hakukaanga hamri hata moja, wateja wake wakahamia kwa mwenzake wa kichochoro cha pili. Siku ya saba alipozungumza, alichosema ni hiki: "Watu wamekuja, wamekula biriani yangu, wamesema alhamdulillahi. Leo nitawaambia nini? Kwamba niliwadanganya?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba haya ndiyo maumivu yenyewe, na kwamba ugonjwa kwake ulikuwa wa pili. Alijiona ameshukuru kabla ya wakati, amewalisha watu kwa jambo lisilokuwepo, na pengine amemkosea Mungu. Nilimwita maalimu yuleyule aliyesoma dua. Sikumfundisha la kusema. Alimwambia kwamba kisu kilikwenda salama, kidonda kimepona, na hiyo ni neema iliyoshukuriwa mahali pake. Dua haina tarehe ya kuisha. Mama akauliza kama anaweza kunywa kombe. Maalimu akasema ndiyo, na mimi nikasema ndiyo, maana aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ulikuwa na unga wa mizizi ulioletwa na jamaa mmoja kutoka bara, ambao hakuna aliyejua ni mti gani na utafanya nini na ini wakati wa kemo, dawa kali za saratani. Huo tulikubaliana ukae kabatini mpaka dawa ziishe. Uko huko hadi leo, nadhani.

Halafu tukaisoma karatasi upya. Nilimwomba yule binti awepo, kwa sababu alikuwa ameacha kula pamoja na bibi yake na alikuwa anajiona yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani kwa mdomo wake. Nilifunika karatasi kwa bahasha, nikawa naiteremsha mstari mmoja mmoja. Binti anasoma, mimi naeleza, yeye anaandika kwa Kiswahili kwenye daftari la shule: upande huu yaliyokwisha kutolewa, upande huu yaliyobaki kufanywa. Ule uvimbe wa sentimita 5.4 uliingia upande wa yaliyotolewa, na tezi 5 pia. Mama alishangaa. Alikuwa akiwaza kwamba vyote vimo mwilini bado. Mstari wa kingo safi aliomba usomwe mara mbili.

Lile neno refu, metastatiki, lilikuwa limeandikwa kuhusu tezi za kwapa peke yake. Wataalamu wa maabara hulitumia hivyo kila siku: saratani iliyotoka kwenye ziwa ikaingia kwenye tezi ya jirani. Mtu akilitafuta kwenye simu anapelekwa moja kwa moja kwenye saratani iliyofika kwenye mapafu, ini au mifupa, ambayo ni hatua ya nne. Mama yuko hatua ya tatu, na alikuwa akiamini hatua zote ni tatu tu, kwa hiyo yeye yuko ya mwisho. Hakuna aliyemwambia zipo nne. Baadaye alipigwa skani ya kifua na tumbo, na haikuonyesha kitu.

Nimeacha mstari wa chini kwa makusudi, kwa kuwa una hadithi yake.

Saratani ya lobula ya gredi 2 karibu kila mara huwa na ER. Yake ya sindano ilikuwa na asilimia 90. Karatasi ya pili inasema hakuna hata kidogo. Uvimbe unaweza kuwa na sehemu zinazotofautiana, hilo lipo, lakini kutoka 90 hadi sifuri, na gredi haijabadilika, aina haijabadilika? Jibu lisilopatana na ndugu zake lazima liulizwe limetoka wapi.

Nikampigia kijana wa Mombasa, nikamuuliza alilipelekaje ziwa maabara. Kimya. Kisha akaanza kueleza kwa sauti ya chini, kama anayeungama. Hospitali iliyompasua mama haina maabara ya nyama, kwa hiyo jamaa ndio hubeba. Alikabidhiwa ndoo ya lita tano yenye kifuniko, imezungushiwa plasta, formalini imefika juu kidogo tu ya nyama. Ijumaa usiku. Akapanda basi Jumamosi, akaiweka ndoo katikati ya miguu yake njia nzima, akimwambia aliyeketi kando yake kuwa ni samaki. Alipofika Mombasa maabara imefungwa hadi Jumatatu. Akaipeleka chumbani kwake. Siku mbili alilala na ziwa la mamake chini ya kitanda, na hakuwahi kumwambia mtu.

Formalini hupenya nyama polepole, kama milimita moja kwa saa. Kipande cha sindano hushiba dawa upesi, ndiyo maana majibu ya vipokezi kutoka kwenye sindano huwa ya kuaminika. Ziwa zima lisilopasuliwa ni jambo jingine: pembeni linahifadhika, katikati linaendelea kuoza taratibu, na vipokezi hupotea kabla ya kupimwa. Inavyotakiwa, ziwa lipasuliwe vipande kama mkate ndani ya saa ya kwanza, na formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya nyama yenyewe. Kisha muda wa kukaa humo kwa ajili ya vipimo hivi ni kati ya saa 6 na 72.

Niliipigia maabara nikitarajia ugomvi. Daktari wa patholojia alinisikiliza kwa upole akauliza swali moja tu: "Ndoo iliingia kwetu lini, na ziwa lilikuwa limekatwa?" Nilipomweleza, akasema ataangalia kama vijirija vya kawaida vya ziwa, vilivyo kando ya saratani, vilishika rangi. Nyama ya kawaida lazima ishike kidogo. Isiposhika, kipimo chenyewe hakikufanya kazi na neno hasi halina maana. Havikushika. Akapima tena kwa kipande kilichotoka pembeni, na tukaomba kibonge cha nta chenye kinyama cha ile sindano ya kwanza kipelekwe kwake, maana vibonge hivyo huhifadhiwa na mgonjwa ana haki ya kuviomba. Siku kumi na saba baadaye: pembeni ER ipo, asilimia 80. Kwenye sindano 90, vilevile.

Tofauti yake ni kidonge kimoja kwa siku. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye saratani inayokula homoni, letrozole kwa miaka mitano au zaidi ni sehemu kubwa ya kinga yake. Kama tungelinyamazia neno hasi, asingeandikiwa.

Hapa mjomba alirudi na hoja yake: kama hilo lilikuwa kosa, basi na tezi tano ni kosa, pimeni zote. Namwelewa. Familia nyingi zikisikia kwamba kipimo kimoja kimekosewa hutaka karatasi nzima ikosewe. Lakini nyama iliyochelewa kwenye dawa hupoteza alama. Haizalishi saratani ndani ya tezi tano. Lililopotea lilirudi, lililoonekana lilibaki. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, na sijui kama alikubali au alichoka.

Kitu kimoja tulikifanya vizuri tangu mwanzo: hatukusubiri. Kemo angeihitaji kwa vyovyote vile, iwe ER ipo au haipo, kwa sababu ya hizo tezi, na haifai kuchelewa miezi baada ya kisu. Kwa hiyo dozi ya kwanza ilipangwa Mombasa, idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali, ikaombwa, na majibu ya kurudiwa yakamkuta ameshaanza. Baada ya kemo ni mionzi ya kifua na juu ya mtulinga. Ile mionzi tuliyotaka kumwepushia kwa kutoa ziwa lote imerudi, kwa kuwa tezi zilizokutwa ni zaidi ya tatu na uvimbe umepita sentimita tano. Hili lilimkera kuliko kemo. "Sasa ziwa langu mlilichukulia nini?" alisema, na sikuwa na jibu la kumridhisha, nikamwambia ana haki ya kukereka.

Kwa majirani alikwenda mwenyewe. Alianza na nyumba ya jirani wa ukuta mmoja, mama mtu mzima aliyekula biriani ile sahani mbili. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Hiyo tuliyokula ilikuwa ya kisu, da'ngu. Ya dawa utatupikia dawa ikiisha." Ikawa ndivyo inavyosemwa mtaani sasa, biriani ya dawa, na watu humwuliza imebakisha miezi mingapi.

Ameshamaliza dozi nne za ile dawa nyekundu. Nywele zimekwenda, anavaa mtandio kama kawaida na hakuna anayejua ila sisi. Paklitaxel, dawa ya kemo iliyofuata, imeanza kumtia ganzi vidoleni. Anasema hasikii tena unga ukiwa tayari, humwita mjukuu aubonyeze. Mkono wa kushoto, upande tezi zilikotolewa, haupimwi presha wala haudungwi sindano, na habebi nao ndoo ya unga.

Wiki iliyopita alinipigia kutoka Mombasa, kituo cha basi, kelele nyuma yake. Kuna bahasha mpya wamempa, ya damu na ya moyo. Kijana wake alitaka kuipiga picha aitume.

"Nimemkataza," akasema. "Iko mkobani, haijafunguliwa. Wewe kesho uko zamu?"

Nikamwambia nitakuwa gatini saa kumi, na binti atakuja na daftari.